Bwana Kambi Hakujenga

Watu wa Borabu walimwita Bwana Kambi, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu jina lake la kwenye kitambulisho nililisikia mara moja tu, kanisani, na hata yeye mwenyewe hakugeuka lilipotajwa. Alikuwa kiguu na njia. Ukimpa kiti alishukuru, akakishika mgongo kwa mkono mmoja, na miguu ikaendelea kutafuta pa kwenda. Ukimpa chai aliinywa akizunguka gari lako na kukagua magurudumu, na kabla hujamaliza salamu za nyumbani alikuwa ameshafika ukingoni mwa maji kuona kama kuna mtoto aliyevua viatu. Mimi mwenyewe situlii, muulizeni mume wangu, lakini mbele ya mzee yule nilijiona gogo.

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti mjini Kisii. Harusi, matanga, mikutano ya injili, popote watu wanapotaka kivuli cha siku moja au cha wiki, nafika na pikapu yangu na wafanyakazi wawili, tunasimamisha, tunang'oa, tunarudi. Kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye bwawa lile lililo juu kidogo ya Nyansiongo, kwa makambi ya kanisa, ile wiki ya Agosti ambayo Wasabato wa kwetu huziacha nyumba zao na kwenda kulala kwenye nyasi, wakiimba alfajiri na kusikiliza mahubiri mpaka jua linatua. Kutoka mwaka ule wa kwanza hadi alipoondoka pale nilimjua kwa miaka kumi na mitatu. Katika miaka yote hiyo sidhani tuliwahi kuzungumza robo saa nzima tukiwa tumetazamana.

Bwawa lenyewe lilichimbwa na mlowezi kwa ajili ya ng'ombe wake. Walowezi walipoondoka na mashamba yakakatwa na kugawiwa watu, maji yale na uwanja wa nyasi unaoyazunguka viliachwa nje ya ugawaji, vikawa mali ya umma. Ni mahali pa kupendeza, nisiseme uongo. Asubuhi ukungu unalala juu ya maji mpaka saa tatu, ng'ambo ni chai na chai tena ikipanda vilima vya kuelekea Kericho, na mchana mvua inaingia bila hodi, siku nyingine ikiwa ya mawe. Ng'ombe hunywa upande wa chini. Wasabato hubatiza upande wenye miti ya misaiprasi. Vijana wa Kikatoliki hupiga kambi wakati wa likizo, shule huleta wanafunzi kutazama ndege, na watu wa mjini huja Jumapili na vihema vyao vya rangi, nyama ya kuchoma na simu za kupigia picha. Hakuna lango wala tikiti. Kulikuwa na Bwana Kambi tu, aliyewekwa na kamati ya bwawa, yaani wazee wa makanisa na wafugaji wa pale, ahakikishe kwamba kila anayekuja anaondoka.

Hilo la kuondoka ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Kwetu Gusii ardhi imegawanywa baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu, mpaka shamba la mtu limekuwa na upana wa kitanda. Sasa weka uwanja wa ekari kadhaa usio na mwenyewe, wenye maji, kando ya barabara, halafu uone watu wanavyoutazama. Kila aliyepita pale aliupima kwa macho. Bwana Kambi alilijua hilo kuliko sisi sote, na nadhani ndiyo sababu hakuweza kukaa kitako.

Aliishi kwenye hema. Lilikuwa la turubai la kijani, limechakaa na kutiwa viraka vya magunia, na kila mwanzo wa mwezi alilihamisha. Alilikunja, akahesabu hatua arobaini akifuata ukingo wa bwawa, akalisimamisha upya mlango ukitazama maji. Nyasi za manjano alizoziacha nyuma zilikuwa zimerudia ukijani wake kabla hajakamilisha mzunguko. Mwaka wangu wa kwanza nilimwonea huruma. Nilikuwa na mabati yaliyobaki nilipoezeka nyumba yangu, nikamwambia, Tata, kama tunavyowaita baba zetu, nitakuletea haya ujenge hata kachumba, baridi ya huku itakumaliza. Aliniangalia kana kwamba nimemtusi mamake.

"Hema ni mgeni," aliniambia. "Nyumba ni mwenyeji. Mimi hapa ni mgeni, na siku nitakapojifanya mwenyeji, wote hawa unaowaona watakuwa wenyeji."

Kwa asiye wa kwetu nieleze, maana mambo yote ya mzee huyu yamefungwa hapo. Mwanamume wa Kigusii hazikwi popote tu. Huzikwa kwake, kando ya nyumba yake, na akifa bila nyumba, watu hukimbia kumjengea kibanda kabla mwili haujatoka mochari, ili isemwe ameagwa nyumbani kwake. Na palipo na nyumba na kaburi, pana ukoo. Nenda kortini na ramani zako, utazungushwa miaka. Kaburi liko pale, wajukuu wanapanda mahindi kulizunguka, na hakuna jirani atakayethubutu kuligusa kwa jembe. Wapo watu kwetu waliopata mashamba kwa njia hiyo, tunawajua, tunasalimiana nao. Kwa hiyo mlinzi anayezeekea kwenye ardhi ya umma ni hatari kuliko mnyang'anyi anayekuja na trekta. Akijenga kachumba, akaugua humo, akafia humo, basi bwawa limepata mrithi. Bwana Kambi alikuwa na wana wawili wasio na shamba, na jambo hili aliliona mapema kabla yeyote kati yetu hajaliwaza.

Ndiyo maana hakupanda kitu. Mgusii bila mgomba, wapi na wapi? Hata wapangaji wa mjini hupanda mgomba nyuma ya choo. Yeye hakuwa na hata shina la sukuma wiki. Mboga alinunua sokoni Nyansiongo kama karani wa ofisini. Siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta machipukizi sita ya migomba yamepandwa kwa mstari karibu na hema lake, udongo bado mbichi. Hakuuliza ni nani. Aliyang'oa yote, akayafunga kwa kamba, akayabeba begani hadi sokoni kule kule alikotoka, akayagawa bure kwa kila aliyepita. Mmoja wa waliopewa alikuwa mke wa mwanawe mkubwa, ambaye ndiye aliyeyapanda asubuhi ile pamoja na mumewe. Mama wa watu aliyapokea kwa mikono miwili, akasema asante. Walionisimulia kisa hicho walicheka wakashika mbavu, nami nilicheka, lakini kila nikimfikiria yule mwanamke akirudi na machipukizi yake kwenye chumba cha kupanga, kicheko kinanikwama.

Alivaa gambuti mvua na jua, koti refu la mvua, na filimbi shingoni. Mahema ya wageni aliyakagua kama daktari wa zamu: anavuta kamba, anagonga kigingi kwa kisigino, anainama kunusa kama kuna mtu amewasha makaa ndani. Watu wazima aliwakaripia bila kujali cheo. Waliotoka mjini na spika zao aliwapulizia filimbi mpaka wakazima wenyewe kwa aibu. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, aliichukia kwelikweli. Alisema mgeni ukimpa jembe umempa shamba. Pale kwake siku ya tatu mgeni alipewa mkono wa kwaheri. Makambi tu ndiyo yaliyoruhusiwa wiki nzima, kwa amri ya kamati, na hata hapo, Jumapili ya mwisho ilipofika, alianza kulegeza kamba za hema la mhubiri kabla mhubiri hajamaliza uji.

Kwa watoto alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliwafundisha kufunga mafundo, kuwasha moto kwa kuni mbichi, kuchimba mfereji mdogo kuzunguka hema ili maji ya mvua yasiingie. Siku ya kuondoka aliwafundisha kuufukia mfereji ule ule, na kurudisha kila kipande cha nyasi mahali pake, kisha anawauliza kambi yao ilikuwa wapi. Mtoto akionyesha kwa kidole mahali penyewe, kazi inarudiwa. Wakishindwa kupaonyesha, aliwapigia makofi, akapiga hadi mikono ikamuuma. Binti yangu alipita mikononi mwake Agosti tatu, na mpaka leo haachi kikombe mezani.

Halafu kuna hili ambalo ukilisimulia watu hawaamini. Alikuwa mwoga wa maji. Ndiyo, huyo mlinzi wa bwawa. Sikuwahi kumwona akiingia zaidi ya pale gambuti inapoishia. Na kwa kuwa Wasabato hawanyunyizi, ni kuzamishwa mwili mzima, alikaa kwenye darasa la ubatizo miaka mingi kuliko mwanafunzi yeyote wa kanisa lile. Kila Agosti mchungaji alimwambia, mzee, mwaka huu. Kila Agosti, siku yenyewe ikifika, alikuwa na kazi ya haraka upande wa ng'ombe. Alirudi wakati wa kutoka majini, akawapokea watu kwa mkono na kuwafunika mablanketi, meno yao yakigongana kwa baridi, akiwaambia hongera, hongera. Nilimuuliza kama haoni aibu kuwapokea wenzake kwenye wokovu ambao yeye mwenyewe anaukimbia. Akasema Mungu anajua yuko kwenye foleni.

Mwoga huyo huyo ndiye aliyetunga mamba. Wageni wa mjini walikuwa wanapenda kwenda kuogelea upande wenye kina, hawasikii filimbi, hawasikii neno. Basi akaanza kuwaambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mamba. Borabu, na baridi ile! Lakini mtu wa mjini hajui mamba anapenda nini, na upande wa kina ukatulia. Habari zikasambaa kwenye simu, na siku moja wakaja maofisa wawili wa wanyamapori wenye darubini. Bwana Kambi aliwazungusha bwawa mara nne kwa mwendo wake ule, viatu vyao vikajaa matope, na walipoulizia mamba kwa mara ya mwisho akawaambia amehama. Hapa kila kiumbe kinahama, aliwaambia, na hapo angalau hakuwa anadanganya. Mtu yule yule aliwahi kunirudisha kutoka Keroka, nikiwa njiani kwenda nyumbani, kwa sababu nilisahau kijiko kimoja kwenye nyasi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nisipolisema nitaonekana mimi ndiye mwema wa hadithi hii. Kubeba mahema kutoka Kisii hadi kule kila msimu kulinichosha. Mwaka wa tano au wa sita nikawaza, kwa nini nisiwe na stoo ndogo pale pale, pembeni, isiyomsumbua mtu? Niliongea na mzee mmoja wa kamati, akacheka akasema haoni shida. Nikapeleka mchanga, nikapeleka saruji, nikaja asubuhi na fundi. Bwana Kambi alikuwa amesimama juu ya lundo la mchanga. Fundi akamsihi ashuke, wapi. Alisimama pale tangu saa mbili mpaka jioni, mvua ikamnyeshea, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona amekaa mahali pamoja kutwa nzima. Nilimpigia kelele, nikamwambia yeye si mwenye bwawa. Akaniambia ni kweli.

"Mama wa hema, wewe ni mtu mzuri," alisema. "Watu wazuri ndio huanza."

Niliondoka na saruji yangu, nimefura kwa hasira, na msimu ule watu wa makambi walikodi mahema kwa mtu mwingine. Nilimsema vibaya mjini kwa miezi. Nilisema ni mzee wa ajabu, ana kichwa kigumu, anajiona yeye ndiye serikali. Halafu nikasikia kwamba yule mzee wa kamati aliyesema haoni shida alikuwa ameshampigia mpwa wake simu, akimwambia ajiandae kwa duka, kwa kuwa yule mama wa Kisii akishajenga, nani atamkataza mwingine? Nikanyamaza. Agosti iliyofuata nilirudi na mahema, na Bwana Kambi alinipokea kana kwamba tuliachana jana, akivuta kamba zangu na kuniambia zimelegea.

Wanawe, nao, si watu wabaya. Mdogo hufanya vibarua kwenye mashamba ya chai. Mkubwa hubeba maziwa kwa pikipiki, mitungi miwili huku na miwili huku, kutoka kwa wafugaji wa Borabu hadi mjini, mvua isimzuie. Siku moja alikuja dukani kwangu, akavua helmeti, akaketi kwenye kimoja cha viti vyangu vya plastiki, akaniomba nimsemeshe baba yake, kwa kuwa mzee hunisikiliza. Alikosea, mzee hakumsikiliza mtu, lakini nilimwacha aendelee. Alieleza kwamba wao wawili hawana sehemu Kiogoro, kule alikotoka baba yao. Baba aligombana na kaka yake kuhusu mpaka wa kipande kidogo cha baba yao, akakiacha akaondoka kwa hasira, na ndugu hao wawili hawajaamkuana tangu hapo.

"Baba analinda nyasi za watu," alisema. "Mimi nina watoto wanne kwenye nyumba ya kupanga. Nikianguka na pikipiki hii leo, nitazikwa wapi?"

Kuna siku namwona mzee yule ni shujaa. Kuna siku namwona ni baba aliyewatendea haki watu wote wa Borabu isipokuwa wawili. Siku nyingine mawazo yote mawili yananijia nikiwa nakunja hema moja, na nalikunja vibaya, tunaanza upya. Nilimfikishia ujumbe wa mwanawe. Alikuwa anakaza kigingi, akaendelea kukikaza, na baadaye akaniambia kwamba mwanawe amesema kweli tupu, neno kwa neno, na kwamba kama bwawa lingekuwa lake angempa kesho asubuhi.

Kisha miguu yake ikavimba. Tulidhani ni gambuti, tukamnunulia nyingine kubwa, lakini hospitalini walisema ni moyo, na wakamwambia jambo ambalo lilikuwa kama kumfunga jela: apumzike. Wanawe wakaja mbio. Wakamwambia, baba, umezeeka, tukujengee hapa hapa kachumba tukuuguze, kamati haiwezi kumkatalia mgonjwa. Na kamati, kwa kweli, isingemkatalia. Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Alikunja hema lake, akampa mchungaji filimbi, akapanda pikipiki ya mtu asiyemjua ili wanawe wasijue, akaenda Kiogoro, akasimama nje ya lango la kaka yake.

Kaka mtu ndiye aliyenisimulia. Anasema alitoka kumwaga maji akamkuta amesimama, ameshika ua, anahema. Hawakuwa wameamkuana kwa zaidi ya miaka ishirini. Alimuuliza kama amekuja kupita au amekuja kukaa, na mzee akajibu amekuja kukaa. Kaka mtu aliingia ndani akakaa kitandani, akalia, kisha akatoka akamfungulia. Mpaka uliowagombanisha waliusogeza wenyewe kwa mkono, wazee wawili na panga moja, na kwenye kipande kile, karibu na kaburi la marehemu mkewe, aliyezikwa pale kabla ya ugomvi, Bwana Kambi akajenga. Chumba kimoja cha matope na mabati, mlango mmoja, dirisha moja. Mtu aliyekataa nyumba miaka yote ile aliisimamia ikaisha kwa wiki mbili, akiwahimiza mafundi kana kwamba mvua iko mlangoni.

Alikufa humo baada ya miezi michache, akazikwa kando yake, na hilo kila mtu analijua. Bwawa bado ni la watu. Agosti iliyopita nilipeleka mahema kama kawaida. Wasilolijua wengi ni habari ya Jumapili moja, wiki tatu kabla hajafa.

Alhamisi ya wiki ile mwanawe mkubwa alinipigia simu. Alisema baba anaulizia bwawa kila siku, hali, halali, na pikipiki haiwezi kumbeba tena. Wewe una gari, aliniambia, mlete Jumapili ayaone maji, sisi tutamsubiri huko. Nilikubali kabla hajamaliza. Nami nilikuwa nimepita bwawani siku chache kabla, nimepeleka mahema ya vijana wa Kikatoliki, nikaona chini ya misaiprasi chumba kipya cha mabati, kidogo, kitanda kimeshaingizwa. Nikaambiwa ni cha kumpumzisha mzee atakapokuja kutembea. Niliona ni upendo. Wanawe wanampenda, hilo sina shaka nalo, lakini mimi, mtu niliyefundishwa somo lile na mzee mwenyewe juu ya lundo la mchanga, nilipaswa kuelewa. Labda nilielewa na sikutaka kuelewa, kwa sababu nilitaka sana kuwa mtu aliyempeleka.

Nilifika Kiogoro saa nne. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, miguu imejaa ndani ya soksi, magoti yakicheza kama ya mtu anayeshona kwa cherehani. Kutoka pale haoni maji popote. Anaona migomba ya kaka yake na ukuta wa choo. Nilipomwambia nimekuja kumpeleka akaone bwawa, uso wake ulibadilika mpaka nikaangalia pembeni. Hakuuliza swali hata moja. Aliitisha koti, akaitisha mkongojo, akanyanyuka kabla kaka yake hajamshika. Tulimpandisha kiti cha mbele. Mkanda aliuvuta mwenyewe, akaufunga, akaupigapiga kifuani kuhakikisha umeshika.

Nikawasha gari. Akaniuliza maji yamefika wapi, nikamwambia yamefika kwenye jiwe la kufulia. Akauliza kama ng'ombe bado wanapitia chini, nikasema wanapitia chini. Alikuwa anatabasamu, mkono mmoja kwenye dashibodi, kama anayeisukuma pikapu iondoke. Nami kwa furaha yangu ya kijinga nikaongeza kwamba asiwe na wasiwasi wa kuchoka, wanawe wamemwandalia chumba.

Mkono ulitoka kwenye dashibodi.

"Cha turubai?"

"Cha mabati, Tata. Kimoja tu. Kitanda kiko tayari."

"Sakafu je?"

Nikamwambia ni ya saruji.

"Zima gari," alisema.

Nilizima. Tulikaa pale, yeye na mimi, muda mrefu kuliko wakati wowote tuliowahi kukaa pamoja. Nilimbembeleza. Nilimwambia hataingia humo ndani, atayaona maji kutoka garini na nitamrudisha leo leo, naapa. Alinijibu polepole, kwa upole ambao sikuuzoea, kwamba anaujua mwili wake. Akiyaona yale maji yeye mwenyewe hatakubali kurudi, na wanawe hawatakubali arudi, na mimi ni mtu mmoja. Nikilala pale usiku mmoja, alisema, nitaamka mwenyeji.

Halafu akafungua mkanda. Alishusha mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili, na kaka yake akaja kumpokea. Mimi nililia waziwazi, nimeshika usukani, sikujificha. Walipofika mlangoni aligeuka, akaegemea mkongojo wake, akasubiri mpaka nikamtazama.

"Waambie wanangu nimekataa," alisema. "Na usiwafiche, waambie nilikuwa nimeshafunga mkanda."